Je, Ampli Ina Haki ya Kupamba?

Kiswahili kimelitendea neno "kipaza sauti" jambo la ajabu. Mtu akisema, "Leteni kipaza sauti," mmoja ataleta kile kidude anachoshika msemaji mkononi, na mwingine ataleta sanduku linalotoa sauti ukumbini. Kifaa cha mwanzo na kifaa cha mwisho vimepewa jina moja, na kile cha katikati, kinachofanya kazi yenyewe ya kupaza, kimebaki bila jina la nyumbani. Watanzania na Wakenya hukiita amplifaya. Sisi wa Bujumbura, kwa kuwa Kifaransa kilitutangulia, tunasema ampli, na spika tunaziita bafle. Nitasema hivyo hivyo humu. Sehemu ya kwanza ya mashine hiyo, inayopokea sauti hafifu kutoka kwenye santuri, simu au redio na kuiandaa kabla ya kukuzwa, nitaiita priampli. Mara nyingi hukaa ndani ya sanduku moja na ampli. Wenye pesa huinunua peke yake.

Nadhani kukosa huko jina hakukutokea bure. Ampli njema, kwa maelezo ya mafundi wenyewe, ni ile ambayo sikio halitambui kuwa ipo. Inapokea sauti ndogo, inaitoa ikiwa na nguvu ya kusukuma bafle, na njiani haiongezi neno wala haipunguzi. Ni mjumbe. Nasi tuliosoma fasihi ya Kiswahili tunamjua mjumbe. Katika Kusadikika, Shaaban Robert anamfanya Karama asimulie habari za wajumbe sita waliotumwa pande za mbali, wakarudi na mambo ya manufaa, wakatupwa gerezani. Waswahili husema mjumbe hauawi. Shaaban Robert alijua kwamba hufungwa. Lakini yupo mjumbe wa aina nyingine: yule anayejua wenyeji wanapenda kusikia nini, akaupamba ujumbe njiani, akapokewa kwa vigelegele. Huyo ndiye ninayemtafuta katika insha hii.

Swali langu ni hili: ampli inayobadilisha sauti ili ipendeze zaidi, je, inatudanganya? Na ikiwa inatudanganya, ubaya uko wapi, ikiwa sisi tumefurahi?

Najua mwenzangu darasani atasema mashine haidanganyi, kwa kuwa haina nia. Nakubali. Lakini yupo aliyeibuni, yupo anayeiuza, na yupo anayemchagulia mwingine. Wote watatu wana nia. Mimi ni wa tatu. Baba yangu mdogo aliendesha malori kati ya Bujumbura na Dar es Salaam kwa miaka mingi, na sasa amestaafu yuko nyumbani Buyenzi na santuri zake zipatazo sitini, nyingi zikiwa rumba ya Kongo, na kati ya hizo nyingi zikiwa za Franco na TPOK Jazz. Kwa miaka minne alikuwa akiweka pesa kidogo kidogo ili anunue ampli. Aliniambia, "Wewe ndiye msomi, nichagulie." Kisha, kama wafanyavyo watu wazima wanaoomba ushauri, akaniambia pia anachotaka: ampli ya taa, yaani ya valvu, kama ile aliyoiona sebuleni kwa tajiri mmoja Dar es Salaam alipokuwa bado kijana. Mama mdogo naye, ambaye alikuwa akizitazama pesa zile zile kwa jicho la mabati ya jiko yanayovuja, alinivuta pembeni akaniuliza: "Mwanangu, hebu niambie ukweli. Hizo mashine zote si zinaimba wimbo ule ule?"

Sijawahi kupewa darasani swali gumu kuliko hilo la mama mdogo.

Tuanze na uongo ulio rahisi. Katika duka moja mjini nilioneshwa ampli yenye maandishi ya rangi ya dhahabu mbele: 1200W PMPO. Nikamwomba muuzaji aigeuze. Nyuma, karibu na waya wa umeme, palikuwa na kibandiko kidogo kinachosema kwamba mashine hiyo inatumia wati 45. Nikamuuliza inawezaje kula 45 ikatapika 1200. Akanijibu bila kusita: "Ile ni nguvu ya umeme, hii ni nguvu ya muziki."

Jibu lile lilinifurahisha kiasi kwamba karibu ninunue. Lakini hakuna nguvu ya muziki isiyotoka kwenye umeme. Kwa kitambo kifupi sana ampli inaweza kutoa zaidi ya inachopokea, kwa kuwa ina akiba ndani yake, lakini akiba hiyo haifiki huko. PMPO ni hesabu isiyo na kanuni inayokubaliwa na wote. Kila mtengenezaji huikokotoa apendavyo. Marekani waliuchoka mchezo wa namna hii mapema. Mwaka 1974 tume yao ya biashara iliweka kanuni kwamba anayetangaza wati za ampli ya nyumbani aeleze nguvu inayoweza kuitoa mfululizo, na kiasi cha kasoro inachoitia sauti inapofanya hivyo. Tena wati zenyewe si kitu kikubwa kama wanunuzi wanavyodhani. Ukiongeza nguvu mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua lakini halishtuki. Ili muziki usikike kana kwamba umeongezeka maradufu unahitaji karibu mara kumi ya nguvu uliyokuwa nayo. Katika sebule ya kawaida, yenye bafle za kawaida, mtu anayesikiliza bila kuwakera majirani hutumia wati moja au mbili sehemu kubwa ya wimbo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na PMPO ndiyo miguu yake.

Hapo hakuna swali la falsafa. Muuzaji anasema 1200, ukweli haufiki hata 45, na anayeumia ni mnunuzi. Ugumu unaanza pale ambapo hakuna anayeumia.

Wapo watu waliojinyima ili ampli iseme kweli, na habari zao zinastahili kusimuliwa kwa sababu zinaonyesha kwamba ukweli ulikuwa na gharama hata ndani ya waya. Katika miaka ya 1920 kampuni za simu za Marekani zilitaka sauti ya mtu isafiri kutoka pwani moja ya nchi hadi nyingine. Njiani ilibidi ikuzwe mara nyingi, na kila ampli iliongeza kasoro yake ndogo, kasoro zikajumlishana, kama habari inayopita midomo ishirini. Tarehe 2 Agosti 1927 mhandisi Harold Black alikuwa ndani ya kivuko akivuka mto Hudson kwenda kazini, wazo likamjia, akalichora kwenye ukurasa wa gazeti alilokuwa nalo. Wazo lenyewe ni hili: chukua sehemu ya sauti inayotoka, irudishe mwanzoni ikiwa imepinduliwa, ili ampli ijilinganishe na kile ilichopewa na kujisahihisha. Ampli inayofanya hivyo hupoteza sehemu kubwa ya ukuzaji wake. Inakuwa dhaifu zaidi, lakini inakuwa sahihi zaidi. Ni kinyume kabisa cha PMPO: huyu anatoa nguvu ili apate ukweli, yule anatoa ukweli ili aonekane ana nguvu.

Kutokana na wazo hilo na mengine yaliyofuata, watengenezaji wa Uingereza baada ya vita waliweza kutengeneza ampli za nyumbani zenye kasoro isiyozidi sehemu moja katika elfu. Peter Walker wa kampuni ya Quad alipenda kusema kwamba ampli kamili ingekuwa kama waya ulionyooka, isipokuwa unakuza. Hilo ndilo fundisho la wapenda ukweli: usiguse kitu.

Ni fundisho zuri, na kwa muda mrefu nililiona kuwa limemaliza mjadala. Kilichonifikirisha ni jinsi priampli inavyoitendea santuri. Sindano inapopita kwenye mfereji wa santuri hutoa umeme mdogo sana, milivolti chache tu. Lakini si udogo huo ulionishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba sauti iliyochongwa kwenye santuri si ile iliyopigwa studio. Imepotoshwa makusudi. Sauti nzito za besi zimepunguzwa, kwa sababu zikichongwa kwa ukubwa wake mifereji ingekuwa mipana mno na sindano ingeruka. Sauti nyembamba zimeongezwa, ili baadaye zikipunguzwa zipungue pamoja na ule mchakato wa vumbi na plastiki. Mwaka 1954 chama cha kampuni za santuri cha Marekani, RIAA, kiliweka kipimo kimoja cha upotoshaji huo, na dunia nzima ikakifuata. Kwenye besi ya chini kabisa upungufu hukaribia mara kumi. Kwenye sauti nyembamba kabisa ongezeko hukaribia mara kumi. Kazi ya priampli ya santuri ni kupindua yote hayo kwa kipimo kile kile.

Sasa fikiria priampli "mwaminifu" kwa maana ya juujuu, inayokuza ilichopewa bila kugusa kitu. Ukiipa santuri ya Franco, gitaa la besi litatoweka na sauti za juu zitachoma masikio. Waya ulionyooka ungekuwa mwongo mkubwa kuliko wote chumbani. Priampli inasema kweli kwa sababu inabadilisha, na inabadilisha kwa sababu yule aliyechonga santuri na yule aliyeunda priampli wamepatana, ingawa hawakuwahi kuonana.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Uaminifu wa mjumbe haupimwi kwa kutobadilisha ujumbe, bali kwa kubadilisha kulingana na mapatano yanayojulikana na wanaohusika. Sisi wanafunzi wa lugha tulipaswa kulijua hili kabla ya mafundi wa redio. Mfasiri anayehamisha neno kwa neno kutoka Kirundi kwenda Kiswahili hagusi kitu, na kwa kutogusa kwake anamharibia mwenyewe maneno yake. Mfasiri mzuri anageuza karibu kila kitu, na msomaji anajua kwamba anasoma tafsiri. Uongo unaingia pale mabadiliko yanapofanywa nje ya mapatano: pale mjumbe anapopamba na kuapa kwamba hakupamba.

Kwa kipimo hicho nilirudi kwenye ampli ya taa ya baba mdogo.

Inasemwa sana kwamba ampli za valvu zina sauti yenye "joto" ambayo transista haina. Mwaka 1978 kampuni ya Quad, iliyokuwa na ampli za vizazi vitatu, yaani Quad II ya valvu ya mwaka 1953, 303 ya transista ya mwaka 1967 na 405 ya mwaka 1975, iliandaa jaribio chini ya mtaalamu James Moir. Wasikilizaji wazoefu walicheziwa muziki bila kuoneshwa ni ampli ipi inayofanya kazi. Hawakuweza kuzitofautisha kuliko mtu anayebahatisha kwa kurusha sarafu. Nami naliamini jaribio hili kwa sababu moja ya ziada: lilifanywa na muuzaji, na matokeo yake yalikuwa kwamba mashine yake mpya, ya wati 100 kila upande, haisikiki tofauti na ile ya zamani ya wati 15, mradi isilazimishwe kupita nguvu zake. Hiyo si habari ambayo muuzaji huitafuta.

Sikutaka kumpelekea baba mdogo jaribio la Uingereza tu. Kwa fundi mmoja mtaani kwetu palikuwa na ampli ya zamani ya valvu aliyokuwa amemaliza kuitengeneza, na mwenyewe alituruhusu tuisikilize kabla hajaichukua. Tuliiweka sambamba na ampli ya transista ya mtumba, bafle zile zile, santuri ile ile. Fundi alisawazisha sauti kwa mita, kwa sababu ampli inayolia juu zaidi hata kwa kiasi kidogo sana husikika kuwa bora zaidi, na wauzaji wanaijua siri hiyo. Tukatundika kanga mbele ya mashine. Baba mdogo alisikiliza mara 16 na kusema kila mara ni ipi. Alipatia mara 9. Kanga ilipoondolewa akasikiliza tena ile ya valvu, taa zake zikiwaka rangi ya kaa la moto, akasema, "Unasikia? Hii ina uhai."

Mtu anaweza kunijibu kwamba zipo ampli za valvu zinazosikika tofauti kweli. Zipo. Zile zilizoundwa bila ule mrejesho wa Black, au kwa mrejesho mdogo, huongeza kwenye kila noti mwangwi wa noti ile ile ikiwa juu kwa oktavo moja, kwa kiasi ambacho sikio linaweza kukihisi na kukipenda. Lakini huko si kuwa na uhai kuliko nyingine. Ni kuongeza kitu ambacho mpigaji hakukipiga. Tena kinaweza kuigwa. Mwaka 1985 mhandisi wa Marekani Bob Carver aliwaambia waandishi wa jarida la Stereophile kwamba angeweza kuifanya ampli yake ya transista, ya bei ya kawaida, isikike kama ampli yoyote ya bei kubwa watakayoichagua. Walichagua. Yeye akakaa hotelini akilinganisha mashine mbili, akiipima tofauti iliyobaki kati yao na kuipunguza hatua kwa hatua, mpaka waandishi hao wenyewe wakakiri kwamba hawawezi tena kuzitenganisha kwa masikio. Pambo lina kipimo, kama chumvi.

Basi, je, chumvi ni dhambi? Hapana. Anayesema, "Ampli hii inaongeza utamu kidogo, sikiliza kama utaupenda," hajamdanganya mtu. Anayesema, "Hii ndiyo sauti halisi ya Franco, nyingine zote zinakuficha," ameuza chumvi kwa jina la mchele. Ni sauti ile ile, mashine ile ile. Kilichotofautiana ni maneno yaliyosemwa wakati wa kuuza.

Nina neno pia kwa upande wa pili, wale wanaojiona watakatifu. Kuna ampli na priampli za gharama kubwa ambazo hazina vitufe vya besi na trebo. Waundaji wake husema vitufe hivyo huchafua sauti. Mimi naona kinyume. Kitufe cha trebo ndicho pambo la kweli kuliko mapambo yote, kwa sababu kinajitangaza. Kimeandikwa jina, kina alama ya katikati, kina kushoto na kulia. Anayekizungusha anajua amefanya nini na anaweza kukirudisha. Ni mapatano yaliyo wazi kati ya mashine na mwenye mashine. Kuwanyima watu kitufe kinachokiri, kisha kuwauzia "joto" lisilokiri, ni unafiki ambao sijui kwa nini wateja wake huulipia zaidi.

Jambo hili lilikuwa na maana hasa kwa baba mdogo. Masikio ya binadamu huanza kupoteza sauti za juu kadiri umri unavyosogea, na miaka ya kukaa karibu na injini ya lori haisaidii. Kwenye rumba, vile visahani vya ngoma na ile ncha ya gitaa la solo hukaa huko juu. Ampli iliyo sahihi kabisa ingempelekea vyote kama vilivyo, naye asivipate. Kwa kipimo cha maabara ingekuwa mwaminifu, lakini yeye muziki usingemfikia. Kitufe cha trebo kikipandishwa, sauti inayotoka kwenye bafle inakuwa imepotoka, lakini ile inayofika akilini mwake inasogea karibu na ile aliyoikumbuka.

Basi nikamweleza yote. Nilifikiri kabla ya kufanya hivyo, maana ningeweza kunyamaza. Kant aliandika mwaka 1797 kwamba hatuna haki ya kudanganya hata kwa huruma, hata mbele ya muuaji anayemtafuta rafiki yetu. Sijawahi kumfuata hadi huko. Lakini baba mdogo hakuwa muuaji mlangoni, alikuwa mzee aliyenipa akiba yake ya miaka minne na kusema nichagulie. Kunyamaza kungekuwa kupamba nje ya mapatano. Nilimwambia kwamba kwa masikio hakuna tofauti aliyoipata, na kwamba bei ya ile ya taa ingetosha ampli nzuri ya transista, bafle bora, na kitu kingebaki.

Akanyamaza kidogo, kisha akanipa jibu ambalo nimelizungusha kichwani tangu siku ile. "Mwanangu, nimekuelewa. Masikioni ni sawa. Lakini mimi ile taa ikiwaka, nakaa chini. Hii nyingine nitaiwasha halafu nitakwenda zangu uani."

Niliposoma hoja ya Robert Nozick ya mwaka 1974, ya mashine inayoweza kumpa mtu furaha yoyote apendayo huku amelala tu, nilikubaliana naye kwamba wengi wetu tungekataa kuingia humo, kwa kuwa hatutaki tu kuhisi kwamba tumefanya jambo, tunataka kulifanya. Nilidhani hoja hiyo ingempinga baba mdogo. Haimpingi. Yeye hakuomba adanganywe kwamba anasikia zaidi. Anajua mapatano yote, ameona kanga ikiondolewa, na anasema kwamba mwanga ule unamfanya awe msikilizaji. Hiyo si furaha ya uongo. Mtu anayevaa kanzu safi kabla ya kusoma barua ya mwanawe hajaibadilisha barua, lakini hasemi uongo akisema ameisoma vizuri zaidi.

Kwa hiyo sikuweza kumwambia kwamba amekosea. Niliweza tu kumwambia kwamba pesa si zake peke yake, na hilo lilikuwa tayari linasemwa na mama mdogo kwa sauti isiyohitaji ampli. Alipoelezwa habari ya taa alisema, "Basi awashe kibatari akae nacho."

Mwishowe mambo ya dunia yaliamua pale falsafa iliposhindwa. Valvu huchoka na kuhitaji kubadilishwa, na fundi alitueleza kwamba kwake zinapatikana kwa kuagiza nje tu, kwa bei anayotaka mwenye nazo. Umeme wetu nao hupanda na kushuka. Tulinunua ampli ya transista ya mtumba, wati 40 kila upande, zilizoandikwa nyuma kama zilivyoandikwa mbele, yenye mlango wa santuri ndani yake na vitufe viwili vya besi na trebo. Sehemu kubwa ya pesa tuliiweka kwenye bafle, kwa sababu huko tofauti inasikika hata na mtoto, hata kanga ikiwa imetundikwa. Zilizobaki zilipanda juu ya jiko.

Kuna jambo moja ambalo msimamo wangu wa mapatano haujalimaliza, na nalileta kwa wenzangu na walimu wangu kama lilivyo. Baba mdogo hupandisha kitufe cha trebo karibu mpaka mwisho, na kwake gitaa la solo limerudi kutoka miaka ya 1980. Mama mdogo masikio yake bado ni mazima, na kwake gitaa hilo hilo linakwaruza kama kijiko kwenye sufuria. Bafle ni zile zile, sebule ni ile ile, na hakuna aliyedanganywa, lakini sauti iliyo ya kweli kwa mmoja si ya kweli kwa mwingine, na kitufe ni kimoja. Mama mdogo akiingia sebuleni hukirudisha katikati bila kusema neno. Akitoka, baba mdogo hukipandisha tena.